Kuruta Hakuridhia

Katika miaka ya 1970 na 1980, jeshi la makaburu wa Afrika Kusini lilipeleka vijana walioandikishwa kwa lazima katika hospitali ya kijeshi ya Voortrekkerhoogte, karibu na Pretoria. Dosari yao ilikuwa kupenda wenzi wa jinsia yao. Walionyeshwa picha huku wakipigwa umeme, ati wapate kubadilika. Ndani ya kipindi hicho, mwaka 1973, madaktari wa akili wa Marekani waliliondoa jambo hilo katika orodha ya maradhi.

Wateteao matendo hayo walidai kwamba vijana waliridhia. Mimi ni askari. Naijua “ndiyo” itamkwayo mbele ya mwenye nyota mabegani. Tabibu yule alikuwa afande. Kuruta angemkataliaje? Tena, hata angalijipeleka mwenyewe, aliahidiwa kuponywa ugonjwa gani?