Ukuta Usio na Jina

Kila wanapokutana wahitimu wa zamani wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wale waliopanda Mlimani katika miaka ya 1970 na 1980, mazungumzo hayachelewi kumfikia Mzee Punch. Hutajwa kwa kicheko, kama atajwavyo babu mkorofi aliyekwisha kufa na kusamehewa. Husemwa kuwa alikuwa na kalamu kali, kuwa hakumwogopa mtu, kuwa chuo bila yeye kimepoa. Wapo hata wanaothubutu kusema kwamba karatasi zake zilikuwa mwendelezo wa ushairi wa Waswahili, ule wa kujibizana na kurushiana vijembe. Dai hili la mwisho halifai kuachwa lipite. Ushairi umesingiziwa mengi, lakini hili ni zito mno.

Kwa wasiomjua, Punch hakuwa mtu mmoja. Lilikuwa kundi la siri la wanafunzi. Waliandika maneno, wakachora vibonzo, wakavibandika ukutani gizani, na kulipokucha umati ukajaa kusoma. Hapo mwanzo mishale ililengwa juu, kwa uongozi wa chuo na wakubwa. Miaka ilivyosonga, mishale ikateremka. Shabaha wakawa wanafunzi wenzao, na zaidi ya wote wanafunzi wanawake: huyu kwa mavazi yake, yule kwa kumkataa mwanamume fulani, mwingine kwa sababu tu hakuinamisha kichwa alipopita. Aliyebandikwa alitengwa. Kusema naye hadharani, kukaa naye mezani au kuandamana naye darasani kulikuwa kujitafutia zamu ya kubandikwa.

Wanaomtetea Punch wana hoja moja yenye uzito, na haki ni kuianza hiyo. Husema kwamba Mlimani palikuwa mahali ambapo mwenye kutia saini aliumia, na historia inawaunga mkono. Chuo kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawafukuza kwa mamia. Mwaka 1969 kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi kilianza kutoa jarida la Cheche, wahariri wakitajwa kwa majina yao. Mwaka 1970 toleo maalumu la jarida hilo lilibeba makala ndefu ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini, nayo ilikuwa na jina lake. Novemba mwaka huo huo jarida na kikundi vikapigwa marufuku. Julai 1971 Symonds Akivaga, kijana wa Kenya aliyekuwa rais wa chama cha wanafunzi, aliandika barua ya wazi kumkosoa mkuu wa chuo. Askari wenye silaha wakaingia chuoni wakamchukua. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge, na kwa mara nyingine mamia wakafukuzwa.

Basi hofu ilikuwa ya kweli. Mwenye kuandika dhidi ya dola usiku, uso ameufunika, ana udhuru wake, na hakuna mwungwana atakayemdai jina. Lakini hofu inaeleza kinyago kilivaliwa kwa nini. Haielezi kwa nini mwenye kinyago aliuacha mlango wa mkubwa akaenda kugonga mlango wa bweni la wasichana. Msichana wa mwaka wa kwanza hakuwa na askari. Hakuwa na uwezo wa kumfukuza mtu chuo. Hakuwa na gazeti la kujibia, wala hakujua amjibu nani. Mbele yake kinyago hakikuwa ngao tena, kilikuwa silaha. Hapo ndipo hoja ya watetezi inapokatika, na haiungiki kwa gundi yoyote.

Matokeo yake yanajulikana. Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kusumbuliwa na kuandamwa. Jina lake liliandikwa na magazeti, na halina haja ya kurudiwa hapa, maana lilikwisha kutumika vibaya vya kutosha. Wanawake waandishi wa habari, kupitia chama chao cha TAMWA, walipaza sauti wakati wengi wa wasomi walipokuwa wakitazama viatu vyao. Punch akapigwa marufuku. Yeye alijulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa darasa. Waliombandika walibaki kuwa "Mzee". Baadhi yao bila shaka walihitimu, wakavaa majoho, wakapata kazi, na leo huenda ndio wanaocheka.

Sasa turejee kwenye dai la kwamba huu ulikuwa ushairi. Atakayelisema hilo mbele ya watu wa pwani ajiandae kuulizwa maswali. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alitunga beti za kuchoma wakati wa vita vya Mombasa na Lamu. Lamu ilijua nani kasema, nayo ikajibu kwa washairi wake. Hiyo ndiyo maana ya malumbano: kuna anayetupa na kuna anayedaka, na hadhira inawaona wote wawili. Siti binti Saad alipoimba juu ya Kijiti, aliyemwua mwanamke akatoroka, hakuimba kutoka nyuma ya pazia. Mji mzima wa Unguja ulijua sauti ile ni ya nani, na ulimi wake ulikuwa upande wa mwanamke aliyeuawa. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu nchini Kenya, kuanzia 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?". Alipotoka alikwenda kufanya kazi Mlimani pale pale, katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kwa miaka kadhaa, basi, chuo hicho kilikuwa na mshairi aliyeyalipia maneno yake kwa kifungo. Waliotaka mfano wa ujasiri wa kalamu hawakuhitaji kwenda mbali.

Hata kanga ina adabu kuliko ukuta ule. Mwanamke akitaka kumpasha jirani yake, hununua kanga yenye jina linalofaa, akajitanda na kupita nayo mtaani. Anayelengwa hakutajwa, anayelenga anaonekana kuanzia kichwani hadi miguuni. Akitaka naye anaweza kwenda dukani akatafuta jina la kujibu. Punch aliigeuza kanga nje ndani: aliyelengwa alichorwa akatajwa, aliyelenga akafichwa. Anayeona kuwa mambo haya mawili ni mamoja hajavaa kanga wala hajavaliwa.

Watasema ulikuwa utani. Utani una sheria zake, na Waswahili na jirani zao wanazijua. Watani hujuana. Mtani akikutania leo, kesho ni zamu yako, na siku ya msiba wako yeye ndiye wa mwanzo kufika. Utani wa upande mmoja, usio na mtani, unaomwacha mtu akila peke yake kwa sababu wenzake wanaogopa kukaa naye, una jina jingine katika lugha yetu: ni udhalimu.

Watasema pia kwamba ulilinda maadili. Maadili gani yanayolindwa na watu wasioweza kusimama mchana? Na kwa nini maadili hayo yalikuwa na macho makali kwa sketi ya msichana, lakini yakawa kipofu kwa mwanamume aliyekataliwa akaenda kuomba kalamu ya Mzee imlipie kisasi?

Kuna jambo jingine la kukumbukwa na kila anayeandika historia ya siasa za wanafunzi. Kifo cha Februari 1990 hakikukifunga chuo. Kilichokifunga, mwezi Mei mwaka ule ule, ni mvutano kati ya wanafunzi na serikali uliofikia mgomo, na milango haikufunguliwa hadi Januari 1991. Vitabu na hotuba humkumbuka Mei, humsahau Februari. Wakubwa walipoguswa, nchi ilishtuka. Msichana alipoguswa, nchi iliguna ikaendelea na safari. Siasa za wanafunzi zinazojisifu kuwa zilitetea wanyonge hazina budi kujibu zilikuwa wapi wakati mnyonge alikuwa chumba cha jirani.

Wapo watakaouliza faida ya kufukua kaburi hili, ilhali ukuta ulikwisha kusafishwa. Ukuta ulisafishwa, mkono haukukatwa. Leo hauhitaji karatasi wala gundi. Simu moja na jina la kubuni vinatosha, na picha ya msichana huzunguka vyuo vyote kabla ya adhana ya alfajiri. Kila msimu wa uchaguzi wa wanafunzi, mgombea wa kike anajua kwamba sera zake huenda zisisomwe, bali mwili wake hautaachwa. Kila mzee anayemsifu Punch kwa kicheko mbele ya vijana anawapa hati ya kurithi.

Hivyo basi, kumbukumbu za Mlimani ziandikwe zote. Waandikwe waliofukuzwa mwaka 1966 na 1978, iandikwe Cheche, aandikwe Akivaga na barua yake. Na msichana wa Februari 1990 aandikwe miongoni mwao, maana naye alikuwa mwanafunzi wa chuo kile na hayupo. Kuhusu Mzee Punch, aandikwe kama alivyokuwa, bila heshima ya neno mshairi. Ujana si udhuru, wala wingi wa wasomaji ukutani si ushahidi wa sanaa. Mtunzi ni yule anayeweza kuulizwa "Nani kasema?" akajibu "Mimi". Asiyeweza, na aliyesemwa ni mdogo kuliko yeye, hana nafasi katika baraza la washairi.