Ukingo Unauzika, Mto Hauuziki

Madalali wa ranchi katika milima ya Montana, Wyoming na Colorado wanalijua jambo linalopandisha bei kuliko nyumba ya magogo, zizi la farasi na mamia ya ekari za malisho. Ni kumwambia mteja kwamba ranchi imepakana na mto, mto una trauti, na trauti hao watavuliwa na mwenye ranchi na wageni wake tu. Picha za tangazo humaliza kazi: maji maangavu juu ya kokoto, vilele vyenye theluji kwa mbali, na mtu mmoja aliyezama hadi magotini akirusha mshipi wenye nzi wa bandia. Tangu Robert Redford atoe filamu ya A River Runs Through It mwaka 1992, picha hiyo imewavuta matajiri wengi wa mijini, na ardhi ya kando ya mito kama Madison, Gallatin na Ruby imefikia bei ambayo mfugaji wa kawaida aliyezaliwa bondeni haiwezi tena.

Chini ya tangazo hilo imelala imani ambayo wengi hawajawahi kuihoji: mwenye kingo zote mbili ndiye mwenye mto, na mwenye mto ndiye mwenye samaki. Imani hiyo ni potofu. Huko Montana haina hata mguu wa kusimamia mahakamani, na katika majimbo ambayo sheria imeibeba, imewafungia watu wengi kitu ambacho mnunuzi hakukitengeneza na hawezi kukilinda akiwa peke yake.

Katiba ya Montana ya 1972 inatamka kwamba maji yote yaliyo ndani ya mipaka ya jimbo ni mali ya jimbo kwa matumizi ya watu wake. Mwaka 1984 kauli hiyo ilipimwa katika kesi mbili, moja ya mto Dearborn na nyingine ya mto Beaverhead, ambako wenye ardhi walitaka kuwazuia wavuvi na wapiga makasia. Mwenye ardhi wa Dearborn alidai kwamba ardhi iliyo chini ya maji ni yake, kwa hiyo anayepita juu yake amevamia. Mahakama ya Juu ya jimbo ilimjibu kwamba umiliki wa ardhi ya chini hauamui chochote hapa. Kama maji yanafaa kwa burudani ya watu, watu wana haki ya kuyatumia, kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka pale maji ya msimu wa wingi yanapoacha alama yake. Mwaka uliofuata wabunge wa jimbo waliiandika haki hiyo katika sheria.

Maana yake ni hii: mtu wa kawaida mwenye leseni ya kuvua anaweza kuingia mtoni kupitia daraja la barabara ya umma, kisha akapanda au kushuka na mto kilomita nyingi katikati ya ranchi ya bilionea, na hakuna polisi wa kumkamata. Sharti ni asivuke ile alama. Hana ruhusa ya kukatiza shamba, kupita uani kwa watu wala kuchochea ng'ombe. Haki ya mwenye ardhi juu ya ardhi yake imebaki salama, na ndivyo inavyopasa.

Wako waliojaribu kuizunguka sheria hiyo, na jaribio linalofundisha zaidi lilifanyika katika bonde la Bitterroot. Kuna mkono wa maji unaoitwa Mitchell Slough, wenye urefu wa takriban kilomita 26, unaotoka katika mto Bitterroot na kuurudia. Wenye ardhi wa kando yake, wakiwemo tajiri wa masoko ya hisa Charles Schwab na mwanamuziki Huey Lewis, walikuwa na hoja ngeni. Mkondo umechimbwa, umeelekezwa na kukarabatiwa kwa fedha za watu binafsi, na maji yake mengi huingia kupitia mageti ya umwagiliaji. Basi si mto wa asili tena, ni mfereji, na mfereji hauguswi na sheria ya 1985. Mahakama ya chini iliwakubalia. Novemba 2008 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo kwa kauli moja: mkondo ambao maji yake yalikuwapo kabla ya wakulima wa kwanza, na ambao mpaka leo unafuata njia yake ya zamani kwa sehemu kubwa, haupotezi uasili kwa sababu watu wameutia mikono.

Hoja ile ingepita, balaa lake lingeonekana haraka. Karibu kila mto wa magharibi ya Marekani umeguswa na jembe, bwawa au geti la mfereji. Mwenye fedha angetengeneza mabwawa machache ya trauti, angepanda miti kandokando, kisha angesema ukarabati wake umeugeuza mto kuwa mali yake. Tendo jema la kuhifadhi lingekuwa hati ya kunyang'anyia.

Katika mto Ruby vita vilihamia kwenye madaraja. James Cox Kennedy, mmoja wa wamiliki wa kampuni kubwa ya vyombo vya habari kutoka Atlanta, alikuwa na kilomita kadhaa za ardhi kandokando ya mto huo, na uzio uliounganishwa na madaraja ukawa kikwazo kwa mvuvi anayetaka kushuka majini. Kesi ilidumu miaka mingi. Januari 2014 Mahakama ya Juu ya Montana iliamua kwamba umma unaweza kutumia eneo la barabara kwenye daraja kuufikia mto, ikakataa pia dai lake kwamba sheria ya 1985 inakiuka katiba. Mtu huyu alikuwa na mawakili ambao wanunuzi wengi hawawezi kuwalipa. Kama yeye hakuweza kuufunga Ruby, yule anayeahidiwa na dalali mto wa peke yake anaahidiwa nini hasa?

Lakini sheria peke yake haitoshi kuizika imani hii. Inafaa kuwatazama samaki wenyewe.

Trauti wa kahawia, anayesifiwa sana katika matangazo ya Madison na Beaverhead, si mwenyeji wa Amerika. Mayai yake yaliletwa kutoka Ujerumani mwaka 1883, na kufikia 1889 vifaranga wake walikuwa wameshamwagwa katika mto Madison. Trauti wa upinde wa mvua naye ni mgeni katika sehemu kubwa ya Montana. Asili yake ni mito ya pwani ya Pasifiki. Wenyeji ni cutthroat, aliyepewa jina kwa michirizi myekundu chini ya taya, na jamaa zake wachache. Samaki wanaouzwa kama fahari ya ranchi walipandwa na vituo vya umma, kwa fedha za umma, katika maji ya umma.

Tena hata wingi wao wa leo ulitokana na uamuzi wa umma. Kwa miaka mingi idara ya samaki ya Montana ilimwaga trauti wa kufugwa mitoni ikiamini kwamba inawasaidia wavuvi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa idara hiyo, Dick Vincent, aliipima imani hiyo. Alisimamisha kumwaga samaki katika kipande cha Madison, akaanzisha kumwaga katika kijito cha O'Dell ambacho hakikuwa kikipandwa. Katika Madison samaki wa porini waliongezeka mara kadhaa. Katika O'Dell trauti wakubwa wa kahawia walipungua karibu nusu. Wenye maduka ya uvuvi na wanasiasa walipiga kelele, lakini mwaka 1974 jimbo liliacha kumwaga trauti katika mito inayoweza kujitegemea. Umaarufu wa mito ya Montana duniani umejengwa juu ya uamuzi huo wa watumishi wa serikali wenye mishahara midogo, na hilo halitajwi katika tangazo lolote la ranchi.

Afrika Mashariki ina historia inayofanana na hiyo. Trauti wa kwanza wa Kenya waliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, mayai kutoka Loch Leven, Uskoti, wakawekwa katika mto Gura milimani Aberdare. Baadaye serikali ikajenga kituo cha kuangulia samaki Kiganjo, karibu na Nyeri. Na hapa pia sheria haina utata. Katiba ya Kenya ya 2010 inaiweka mito miongoni mwa ardhi ya umma, na nchini Tanzania, kwa sheria ya rasilimali za maji ya 2009, maji yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Hata hivyo mtu akinunua kiwanja kando ya mto huko Arusha au Nyeri, jambo la kwanza analofanya mara nyingi ni kushusha uzio hadi majini, na majirani hunyamaza kwa sababu nao wanaamini kwamba ana haki.

Utetezi mzito zaidi wa imani hii husema hivi: kitu cha wote hakitunzwi, mpeni mtu mmoja mto atautunza. Utetezi huu unastahili jibu la haki, maana wapo wenye ranchi waliofanya kazi kubwa. Ted Turner, mwanzilishi wa CNN, alinunua ranchi ya Flying D, yenye ekari zipatazo 113,000, mwaka 1989. Kupitia mradi wa kijito cha Cherry, samaki wageni waliondolewa katika karibu kilomita 100 za maji na cutthroat wenyeji wakarudishwa. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila ilifanywa pamoja na idara ya samaki ya jimbo na huduma ya misitu ya taifa, kwa vibali vya umma, huku sehemu ya juu ya kijito ikiwa ndani ya msitu wa taifa. Fedha za Turner zilisaidia sana. Hati yake ya ardhi isingetosha.

Mambo yanayoua trauti hayasomi hati. Mwaka 1994 ugonjwa unaowafanya samaki wachanga wazunguke kama pia uligunduliwa katika Madison, na trauti wa upinde wa mvua wa sehemu ya juu wakapungua kwa takriban asilimia 90, mbele ya ranchi za bei ghali na mbele ya kambi za umma sawia. Agosti 2016 kimelea kingine kiliua maelfu ya samaki katika mto Yellowstone, na jimbo likafunga maili 183 za mto, karibu kilomita 295, pamoja na mikono yake. Wavuvi walitoka, waendesha boti walitoka, na wenye nyumba za kando ya mto nao walitoka. Kiangazi maji yakifikia nyuzi 23 za Selsiasi siku tatu mfululizo, idara inaweza kuzuia uvuvi kuanzia saa nane mchana hadi usiku wa manane, na marufuku hiyo humhusu mwenye ranchi kama inavyomhusu fundi bomba aliyekuja kwa gari lake. Hesabu za mwaka 2023 katika mito ya Big Hole, Beaverhead na Ruby zilionyesha trauti wachache kuliko ilivyowahi kurekodiwa katika sehemu kadhaa. Ruby ni mto ambao wenye ardhi wameupigania ufungwe kwa bidii kubwa, na samaki wake walipungua vilevile.

Halafu kuna maji yenyewe. Magharibi ya Marekani haki ya kutumia maji humfuata aliyetangulia kuyachukua. Familia inayomwagilia majani kwa haki ya miaka ya 1880 huyachota kabla ya aliyekuja 1950, na mnunuzi wa leo, awe amelipa mamilioni mangapi, hana uwezo wa kumwamuru jirani wa juu mwenye haki ya zamani zaidi aache maji yashuke kwa ajili ya trauti. Katika ukame wa 1988 sehemu ya Big Hole karibu na mji wa Wisdom ilikauka. Kilicholeta nafuu miaka iliyofuata ni wafugaji, wavuvi na maofisa kuketi meza moja na kukubaliana nani afunge geti lake na lini. Hayo yaliwezekana kwa kuwa waliuona mto ni wao wote.

Colorado imeshika njia nyingine. Tangu hukumu ya 1979, anayeelea kwa mtumbwi juu ya ardhi ya mtu anaweza kuonekana mvamizi pindi mguu wake unapogusa kokoto za chini. Mwaka 2023 mvuvi aliyetaka haki ya kusimama katika mto Arkansas aliambiwa na Mahakama ya Juu ya jimbo kwamba hana hadhi ya kisheria ya kufungua dai hilo, na swali lenyewe likaachwa bila jibu. New Mexico, iliyopakana na Colorado upande wa kusini, ililijibu. Huko tume ya wanyamapori ilikuwa imeanza kuwapa wenye ardhi vyeti vya kufunga mito, kwa hoja kwamba haipitiki kwa vyombo. Machi 2022 majaji wote wa Mahakama ya Juu waliibatilisha kanuni hiyo: umma una haki ya kuvua na kutembea majini, na kugusa ardhi ya chini ni sehemu ya haki hiyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa ya wenye ardhi.

Walionunua ranchi za New Mexico kwa bei iliyopangwa kwa kutegemea vyeti vile waliuziwa ahadi ambayo muuzaji hakuwa na mamlaka ya kuitoa. Ndiyo maana dalali anapaswa kulazimishwa kuandika kilichopo: urefu wa ukingo, njia ya kufika majini bila kutegemea daraja, haki ya maji na mwaka wake, na maelezo kamili ya nani mwingine anaruhusiwa kusimama mtoni. Mnunuzi atakayesoma orodha hiyo na bado akalipa, amenunua mali nzuri kwa haki. Na wabunge wa Colorado, ambao mahakama imewaachia swali hili mikononi, wana sheria ya Montana ya kusoma, ile ya 1985, ambayo haijawazuia matajiri kununua ranchi wala kuwafukuza trauti mitoni.