Kabla Hatujanunua Pikapu Iliyotumika

Mwezi huu tunaweka kando habari za homa za watoto na uji wa lishe, kwa maana swali lililotufikia ni la namna nyingine. Mama mwenzetu mmoja, mjane, analima viazi na kufuga ng'ombe wawili wa maziwa huko nyanda za juu. Amejiwekea akiba kwa miaka mingi, na sasa anazo shilingi milioni 13. Shemeji yake amemwonea pikapu Makambako, nyekundu, inang'aa, na muuzaji anataka jibu kabla ya Jumamosi. Anatuuliza: je, ainunue?

Dada, kwanza tunakuomba uiache Jumamosi hiyo ipite. Muuzaji anayekuharakisha ana sababu zake, na mara nyingi sababu hizo zimo chini ya boneti.

Tunajua wapo watakaocheka kwamba nesi anataka kufundisha habari za magari. Haya hatukuyasoma chuoni. Tuliyajua kwa kupoteza fedha za watu. Mwaka 2013 kikundi chetu cha akina mama 31 kilinunua pikapu ya kubebea viazi na mboga. Tulikwenda kuiona jioni, baada ya manyunyu, tukiwa wanne. Rangi ilikuwa mpya, viti vimevikwa vitambaa safi, na injini ilikuwa tayari inanguruma tulipofika. Fundi wa kuikagua aliletwa na muuzaji mwenyewe! Tulizunguka gari mara mbili, tukapiga teke tairi kama tulivyoona wanaume wakifanya, tukalipa.

Miezi mitatu baadaye gari lilikuwa likirudi kutoka Morogoro na mzigo wa sabuni na mafuta ya kupikia. Katikati ya mlima Kitonga likachemka. Dereva wetu, kijana mwema lakini mwenye haraka, akafungua kifuniko cha rejeta papo hapo. Maji ya moto yalimrukia mkononi na shingoni. Wapita njia wakampaka dawa ya meno. (Akina mama, tumelisema mara nyingi: aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno, yai, wala asali.) Heda ya injini ilikuwa imepasuka, na fundi alituonyesha kwamba ulikuwa ufa wa zamani uliochomelewa. Kulitengeneza kulitaka karibu nusu ya bei tuliyolinunulia. Mweka hazina wetu, ambaye binamu yake ndiye aliyekuwa dalali, hakuja tena kwenye mkutano. Tulimwendea nyumbani mara tatu. Alikuwa akitoa chai, akizungumza habari za kuku, akituaga.

Miaka mitatu baadaye tulinunua la pili, na hilo la pili ndilo lililotufundisha.

Jambo la kwanza ni kujua mzigo wako kabla ya kulijua gari. Pikapu nyingi za kazi tunazoziona, kama Toyota Hilux, Nissan na Isuzu, zimetengenezwa kubeba takriban tani moja. Hiyo ni magunia 10 ya kilo 100 kila moja. Lakini sote twaijua lumbesa. Gunia lililoshonewa kilemba hupita kilo 100 kwa mbali, na magunia kumi ya namna hiyo tayari ni mzigo wa kuvunja springi. Wengine hukimbilia kirikuu kwa sababu bei yake ni nafuu na haili mafuta mengi. Ni gari zuri kwa maduka ya mjini. Lakini injini yake ni ya sisi 660 tu, na kwao Japani hurusiwa kubeba kilo 350. Tumekwisha kuona kirikuu imepakiwa magunia manane ikipanda kilima, dereva ametoa kichwa dirishani kana kwamba anaisukuma kwa shingo.

Vilevile usivutwe na milango minne. Gari la kabini mbili linapendeza kwenda harusini, lakini sehemu yake ya mzigo ina urefu wa karibu mita moja na nusu tu, hali lile la kabini moja lina mita mbili na zaidi. Na ukiwa na watu wa kuwachukua, wakae ndani. Tumepokea wodini vijana walioanguka kutoka juu ya magunia, na hatutaki kuandika zaidi ya hapo.

Kuhusu injini, mafundi wetu wa vijijini wanazielewa vizuri dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, kwa mfano zile za Hilux zinazoitwa 3L na 5L. Zina kelele, haziendi mbio, lakini zinavuta mzigo na spea zake zinapatikana. Hizi mpya zaidi, kuanzia zile Hilux za D-4D, zina nguvu na hazili mafuta mengi, ila nozeli zake ni ghali sana na hazivumilii dizeli chafu ya madumu. Mwenye milioni 13 asiguse gari ambalo nozeli zake zitammaliza. Lakini hata hizo za 3L na 5L zina siri yake: zinatumia mkanda wa taimingi, ambao inafaa ubadilishwe kila takriban kilometa laki moja. Ukikatika njiani, valvu hugongana na pistoni, na hapo ni msiba. Kama muuzaji hana karatasi wala fundi wa kukuthibitishia ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa, na uubadilishe kabla ya safari ya kwanza.

Sasa twende kulitazama gari. Nenda asubuhi, pasipo mvua, na fundi wako mwenyewe uliyemlipa wewe. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, kuna jambo alilotaka kulificha, na mara nyingi ni kwamba gari linakataa kuwaka likiwa la baridi. Sisi tulirudi nyumbani mara mbili kwa sababu hiyo, na dalali mmoja akatuambia, "Mama zangu, ninyi mnanunua gari au mnachumbia?"

Likiwa bado la baridi ndipo rejeta ifunguliwe. Maji yenye utando wa mafuta ni dalili mbaya. Fungua na kifuniko cha kutilia oili. Ukikuta ute mzito kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Huo ndio ugonjwa uliotuua Kitonga. Kisha liwashwe, na mmoja wenu asimame nyuma atazame moshi. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi si neno, lakini ukiendelea injini ikishapata moto, waweza kuwa maji yanaingia kwenye silinda. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua sawasawa. Huenda ni chujio la hewa lililoziba, huenda ni nozeli au pampu. Hilo la chujio ni jambo dogo, hayo mengine siyo.

Halafu kuna chini ya gari, mahali ambapo sisi akina mama hatupendi kwenda kwa sababu ya vitenge vyetu. Tandika gunia, ulale. Injini mbovu hutengenezeka, lakini chasisi iliyooza ndiyo mwisho wa gari. Tazama nyuma ya kabini na pale springi zinaposhikilia, fundi agonge kwa nyundo ndogo asikie mlio. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kopo lenye mchanga. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini tu, gari likiwa kuukuu, itutie mashaka. Magari yaliyoishi pwani huliwa na chumvi, na mabaya kuliko yote ni yale yaliyobeba samaki, kwa maana maji ya barafu yenye chumvi hutiririka kwenye bodi na chasisi kila siku. Pikapu ya kwanza tuliyoionea mwaka 2016 ilikuwa na harufu ya samaki ambayo sabuni ya unga haikuiondoa. Fundi wetu alipochokoa chasisi kwa bisibisi, ikapenya. Akasema tu, "Sista, simama, twende."

Kilometa zilizoandikwa usiziamini peke yake, kwa maana saa hurudishwa nyuma. Linganisha na raba za pedali na usukani. Gari linalosema kilometa 90,000 huku pedali zimelika hadi chuma linasema uongo. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa zee.

Liendesheni kwenye kilima, si kwenye lami tambarare mbele ya kituo cha mafuta tu. Kama ni la kuendesha magurudumu manne, yaingizwe yote muone yanafanya kazi, maana masika ndipo mtayahitaji.

Mwisho ni karatasi, na hapa twasema kwa msisitizo. Gari la pili tuliloliona lilikuwa zima kabisa, na bei ilikuwa yetu. Lakini jina kwenye kadi halikuwa la muuzaji. Lilikuwa la marehemu kaka yake. Tulipouliza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, tukaambiwa familia imekubaliana. Mjane alikuwa amekaa pale kizingitini, hasemi neno. Tukaondoka. Kwa hiyo hakikisha namba ya chasisi na ya injini ni zilezile zilizo kwenye kadi, angalia kwa namba ya gari kama lina faini za trafiki, andikeni mkataba mbele ya mwanasheria, lipa kwa benki. Umiliki uhamishwe TRA mara moja, siyo "tutakwenda mwezi ujao."

Nawe dada, kwa vile u mjane, kadi iandikwe jina lako, yenye TIN yako. Shemeji yako tunamheshimu, na huenda ni mtu mwema sana. Jina liwe lako. Na katika hizo milioni 13, gari lisizidi kumi. Tatu ni za mkanda, tairi, bima, uhamisho na yale ambayo fundi hakuyaona.

Pikapu yetu iliyofuata ilikuwa nyeupe, ya kabini moja, yenye bonde ubavuni ambalo mpaka leo hatujalinyoosha. Siku ya kwenda kuichukua tulipita kwa mweka hazina wetu wa zamani saa kumi na mbili asubuhi, tukamwomba aje aweke kiganja kwenye boneti. Alitutazama kwa muda, akaingia ndani kuchukua khanga yake.

"Ni ya baridi," alisema tulipofika.