Waya Mpya, Masikio Yaleyale

Hedifoni za Sennheiser HD 600 zilitoka mwaka 1997, na waya wake unachomoka. Hilo peke yake lilitosha kuzaa biashara. Miaka sita baadaye ikaja HD 650, yenye waya mnene zaidi unaoingia kwenye matundu yaleyale, na wenye HD 600 wakaanza kuununua wakisema sauti imefunguka. Siku hizi hedifoni za aina hiyo huvishwa waya wa fedha uliosukwa, na bei ya waya inaweza kuzidi ya hedifoni zenyewe. Wauzaji wana hoja zao, na wanunuzi huzirudia kwa imani kubwa kuliko wauzaji. Nizichukue moja moja.

"Fedha hupitisha umeme kuliko shaba, kwa hiyo sauti hupita vizuri zaidi."

Nusu ya kwanza ni kweli. Hakuna metali inayopitisha umeme kuliko fedha, nayo inaishinda shaba kwa takriban asilimia 6. Sasa tupige hesabu. Waya wa shaba wa mita 3, wenye kipenyo cha milimita 0.32, una ukinzani wa omu 1.28 hivi ukihesabu kwenda na kurudi. Ukiufanya wa fedha, unashuka hadi omu 1.21 hivi. HD 600 zenyewe ni omu 300. Tofauti inayofika kwenye sikio ni desibeli 0.002. Msikilizaji makini, kwenye chumba kimya, hukamata tofauti ya sehemu chache za kumi za desibeli, kwa hiyo tunazungumzia kitu kidogo mara mia kuliko kile ambacho sikio linaweza kukinasa. Na kama hiyo 0.002 inakunyima usingizi, nunua shaba ya milimita 0.33 badala ya 0.32, imeshaifikia fedha.

Kuna jambo ambalo muuzaji halitaji. Waya ukishaingia kwenye kikombe cha hedifoni, mkondo huendelea ndani ya koili inayosukuma kiwambo. Koili ya HD 600 ni ya alumini, iliyochaguliwa kwa sababu ni nyepesi, na alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba. Karibu omu zote 300 zimo humo. Mtu analipia fedha kwa mita tatu za nje ili mkondo uishie kwenye alumini.

Nimegundua pia kwamba sifa za waya hufuata rangi ya metali. Wa fedha husemwa una sauti angavu na kavu, wa shaba una joto, na uliopakwa dhahabu una utajiri. Sijawahi kumsikia mtu akisema waya wake wa fedha una sauti nyekundu na nzito.

"Basi si fedha, ni usafi: shaba ya 6N, iliyosafishwa kupita kiasi, ya fuwele moja."

Herufi OCC zinazoandikwa kwenye maboksi si uongo. Ni mbinu ya kusubu metali aliyoibuni Profesa Atsumi Ohno wa Chiba, Japani, na kweli hutoa shaba yenye fuwele ndefu. Lakini shaba ya kawaida ya nyaya, yenye usafi wa asilimia 99.9 na zaidi, tayari iko kwenye kiwango cha juu. Kipimo cha kimataifa cha upitishaji umeme kilichowekwa mwaka 1913 kiliipa shaba nzuri ya wakati ule alama 100. Shaba nzuri ya leo hupata 101 hivi, na iliyosafishwa kupita kiasi huongeza alama mbili tatu, basi. Sababu ni kwamba kwenye joto la chumbani, kinachozuia umeme zaidi ni mtikisiko wa atomi zenyewe. Uchafu uliobaki ni mdogo mno kuonekana mbele ya mtikisiko huo. Halafu waya huo wa fuwele moja huchomelewa kwa risasi kwenye pini ya shaba iliyochanganywa na zinki, ambayo hupitisha umeme kwa robo hivi ya shaba tupu.

"Waya una mshale. Na lazima ukomae saa 200 kwanza."

Muziki ndani ya waya ni mkondo unaokwenda mbele na kurudi nyuma, mara 20 hadi mara 20,000 kwa sekunde. Mshale hauna wa kumwelekeza. Kuhusu saa 200, msikilizaji wa saa mbili kila jioni atazimaliza baada ya miezi mitatu na zaidi. Kufikia hapo masikio yatakuwa yameshazoea, na duka litakuwa limeshafunga mlango wa kurudishiwa pesa.

"Hesabu ni zako. Mimi nimebadilisha waya na nimesikia."

Hapa simwiti mtu mwongo. Amesikia. Swali ni amesikia nini.

Kubadilisha waya kunamlazimu avue hedifoni, achomoe kushoto na kulia, achomeke waya mpya, kisha avae tena. Hapo imepita dakika nzima. Kumbukumbu ya wimbo hudumu miaka, lakini kumbukumbu ya namna sauti ilivyokuwa, ule wembamba wa matoazi au unene wa besi, huanza kufifia baada ya sekunde chache. Na akivaa tena, mito ya masikio haikai palepale. Ikisogea mbele kidogo, au ikilalia nywele au mkono wa miwani, besi na sauti za juu hubadilika kwa desibeli kadhaa. Mwenye hedifoni karibu ajaribu sasa: abonyeze vikombe polepole kuelekea shavuni huku wimbo unaendelea. Badiliko hilo ni kubwa mara elfu kuliko lile la fedha na shaba, na hutokea kila unapovaa.

Kisha kuna ukubwa wa sauti. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo hubadilika sauti inapopanda: ukiongeza sauti, besi huonekana kuongezeka zaidi ya vingine. Nyongeza ndogo, sehemu chache za kumi za desibeli, haisikiki kuwa ni kelele zaidi. Husikika kuwa ni uwazi, kina, "sauti imefunguka". Ndiyo maana jaribio la haki lina masharti mawili yanayoudhi: sauti ya pande zote mbili ilinganishwe kwa mita hadi ndani ya sehemu moja ya kumi ya desibeli, na msikilizaji asijue ni waya upi unaocheza. Masharti hayo yakitimizwa, uhakika wa mtu huyeyuka haraka.

Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani, aliahidi dola milioni moja kwa atakayetofautisha kwa masikio peke yake nyaya za spika za kampuni ya Pear, zenye bei ya zaidi ya dola 7,000, na nyaya za kawaida za Monster. Yakafuata mabishano, Pear ikajitoa, jaribio halikufanyika. Jaribio ambalo halikufanyika halithibitishi lolote, nakubali. Ila kwa dola milioni moja, mimi ningepanda basi hata la usiku.

Asiyependa majaribio ya masikio ana njia nyingine. Chezesha wimbo mmoja kupitia kila waya, hedifoni zikiwa zimeunganishwa, rekodi umeme unaofika mwisho wa waya, linganisha ukubwa, kisha toa rekodi moja kwenye nyingine. Kama kuna kina au hewa iliyoongezwa na waya mpya, lazima ibaki kwenye jibu la kutoa. Nyaya zikiwa nzima zote mbili, kinachobaki ni kelele ya mashine.

"Waya wa balansi, wa pini ya milimita 4.4, una nguvu zaidi."

Una nguvu kweli, lakini wa kusifiwa si waya. Kifaa chenye tundu la balansi huwa na ampilifaya mbili kwa kila sikio, moja ikisukuma nyingine huvuta, na volti inaweza kuongezeka maradufu. Hiyo ni desibeli 6. Mtu akihamisha pini bila kugusa namba ya sauti, anapigwa na mshindo, kisha anauandikia waya barua ya shukrani. Kama hedifoni zako ni ngumu kusukuma, tumia tundu hilo, na waya wowote mzima wenye pini inayofaa utakutosha. Tahadhari moja: usiunganishe tundu la balansi na hedifoni za pini ya kawaida ya milimita 3.5 kwa adapta ya ovyo. Adapta kama hiyo hukutanisha pande mbili ambazo hazipaswi kukutana, na ampilifaya inaweza kuungua.

"Omu 300 ni mfano wako wa kuchagua. Visikizi vyangu vya kuchomeka sikioni je?"

Hapa ndipo hoja ya upande wa pili ina nyama. Visikizi vyenye spika ndogo nyingi ndani huweza kuwa na omu 5 kwenye masafa fulani na omu 50 kwenye mengine. Mpe mtu waya wenye ukinzani wa nusu omu: kwenye omu 5 anapoteza desibeli 0.8 hivi, kwenye omu 50 hapotezi hata moja ya kumi. Abadilishe aweke waya wa omu 0.1, na uwiano wa besi na sauti za juu unasogea kwa zaidi ya nusu desibeli. Hilo linaweza kusikika, na mtu anayesema amelisikia simbishii.

Lakini angalia kilichobadilika. Ni ukinzani, namba moja, na shaba ya kawaida iliyonenepa kidogo inaishusha vilevile. Tundu la simu au kompyuta lenye omu 10 ndani yake litaharibu uwiano huo kuliko waya wowote. Wala hakuna sheria kwamba ukinzani mdogo ndio mtamu. Etymotic, kampuni ya Marekani, iliwauzia wenye visikizi vya ER-4P kipande cha waya chenye rezista ya omu 75 kila upande, ili viwe na mlio wa ER-4S: besi ipungue, sauti za juu zipande. Yaani waliuza waya "mbaya" kwa makusudi, na wakasema wazi umewekwa nini. Huo ndio waya wa kubadilisha sauti ninaouheshimu.

"Vifaa vyako na masikio yako havijafika kiwango hicho."

Sony MDR-7506 zimekuwa studioni tangu mwaka 1991, na waya wake ni wa kujiviringa, hauchomoki. Beyerdynamic DT 770 Pro nazo, tegemeo la studio nyingi, zimetoka miaka mingi na waya wa kudumu. Muziki unaodai waya wako umeufichua ulisikilizwa na kukaguliwa na watu waliovaa vitu kama hivyo. Na mafunzo ya masikio yapo kweli: kampuni ya Harman hufundisha wasikilizaji wake, na hao hutoa majibu thabiti zaidi kuliko watu wa kawaida. Ila huwekewa pazia mbele ya spika, wasione wanachokipima.

"Kwa hiyo nyaya zote ni sawa."

Hii ni hoja ya upande wangu, na nayo si kweli. Waya mgumu wa visikizi husugua kola ya shati na kupeleka mkwaruzo moja kwa moja sikioni, laini hunyamaza. Waya wa mita 3 ni kero kwenye daladala. Soketi ndogo za MMCX hulegea, na upande mmoja huanza kukatakata. Waya wa plastiki angavu hugeuka kijani ndani kwa jasho, hasa kwa sisi wa pwani. Unachukiza macho tu, mpaka nyuzi zianze kukatika.

Na kukatika ndiyo sababu halisi ya waya kuchomoka. Mara nyingi hufa shingoni, pale unapoingia kwenye pini. Fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, hukata hapo na kuweka pini mpya, na mwangalie anavyofanya. Ndani ya waya mwembamba kuna nyuzi za shaba zilizopakwa vanishi: nyekundu kwa kawaida ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, zenye rangi ya shaba ni za kurudishia, zote zimechanganywa na uzi wa nailoni. Risasi haishiki juu ya vanishi. Fundi hupitisha ncha kwenye moto wa kiberiti cha gesi, huipaka risasi mpaka ing'ae, ndipo huichomelea kwenye pini. Asiyeichoma sawasawa atakurudishia hedifoni zinazolia upande mmoja ukitikisa waya. Tofauti hiyo haihitaji jaribio la pazia.

"Pesa ni yangu, na waya ni mzuri."

Sina jibu, na sitafuti. Waya uliosukwa vizuri unapendeza mezani na mkononi. Ila yule anayeuliza aanzie wapi, mwenye HD 600 za miaka mingi, nitamwambia ashike mito yake kwanza. Ikishabonyea, spika husogea karibu na sikio na mlio hubadilika kwa kiasi kinachopimika. Mito mipya huurudisha. Kisha asogeze besi na sauti za juu kwenye programu ya simu, bila kulipa chochote. Chenji ikibaki, na waya wa zamani umekatika shingoni, anunue waya.