Mashine ni yako, kufuli ni ya nani?

Wenzetu wa Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba na fasi zote,

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Siku ile ordinatere yako haikuvunjika. Klavye ni ileile, disiki ni ileile. Kampuni moja ya Marekani ndiyo iliamua kwamba imezeeka, na Windows 11 inazikataa mashine mingi za zamani. Basi nunua ingine! Nani anunue? Sisi wenye diploma ukutani na kazi hakuna?

Na tuseme kweli: wengi wetu Windows hatukuinunua hata siku moja. Kijana wa siberi aliiweka, ya wizi, na virusi juu yake. Halafu tunatoka barabarani kudai serikali ifuate sheria. Ni haya kidogo.

Kobalti ya betri za laptop inatoka huku kwetu, Kolwezi na Fungurume. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Udongo unaenda, mashine inarudi na kufuli ya wengine.

Sisi tumehamia Debian. Ian Murdock aliianzisha mwaka 1993, na mpaka leo inatengenezwa na watu wa kujitolea. Kiongozi wao wanamchagua kwa kura kila mwaka. (Kila mwaka! Sisi uchaguzi wa 2016 tuliungojea mpaka Desemba 2018.)

Muelewe vizuri: Linux yenyewe ni kiini tu, kile Linus Torvalds alianza mwaka 1991. Kinaongea na disiki, memwari na skrini. Kiini peke yake ni unga bila maji, hauli bukari. Debian inachukua kiini, inaongeza maelfu ya programu, inazijaribu pamoja na kuziweka kwenye ghala moja. Ukitaka programu, unaiita kwa amri ya apt. Hauokoti kitu njiani.

Shida ya kweli ni mega. Picha ya DVD inakaribia giga 4. Lakini lisansi inaruhusu kunakili: mmoja anapakua usiku, avenyu nzima inapata. Mbele ya yote weka mafaili yako fasi ingine, juu kugawa disiki kunafuta bila huruma. Andika picha kwenye kle ya USB kwa programu ya kazi hiyo. Kuikopi kama muziki haitoshi. Washa mashine, bonyeza F12 (zingine F2 ao Esc), chagua kle. Memwari ni giga 2? Chukua Xfce, acha GNOME. Debian 13 inataka mashine ya biti 64. Ya biti 32 ibaki na 12. Na betri ijae, umeme wetu munaujua. Ukiogopa, kuna picha ya "live": unajaribu bila kugusa disiki.

Watasema: na Word? LibreOffice inafungua docx, ijapokuwa meza mara ingine zinapinda. Tunakubali. Lakini mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili, bila kuomba kampuni yoyote ruhusa. Na Word, ungefanya vile?

Tunadai shule, komini na vyuo vikuu vya serikali viache kumlazimisha raia kuleta karatasi katika fomati ya kampuni moja. Pokeeni ODT na PDF. Pesa ya lisansi ilipe walimu.

Na wewe mwenye kle ya giga 8, uilete. Tutakuandikia bure.