Bosi bora hupimwa kwa tarehe, si kwa pilau

Kila ifikapo Desemba, makampuni mengi ya Dar es Salaam hufanya jambo moja. Mbuzi huchinjwa, pilau hupikwa, kreti za soda hupangwa kwenye kona ya karakana, na bosi husimama kuwashukuru wafanyakazi kwa mwaka mwema. Mei Mosi nako huwa hivyo hivyo: fulana mpya zenye nembo ya kampuni, kofia, na bahasha ya mfanyakazi bora. Makofi hupigwa, picha hupigwa, na wengi huondoka wakisema bosi wao ana roho nzuri.

Januari ikiingia, hao hao waliopiga makofi huonekana kwa mkopeshaji wa mtaani. Mshahara wa Desemba haujatoka. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na mtoto anatakiwa shuleni akiwa na sare na madaftari. Pilau ilikwisha siku ile ile ilipopikwa.

Hapo ndipo penye swali ambalo waajiri wengi hawapendi kuulizwa. Marupurupu ni nini hasa? Kitu kinachotolewa siku bosi akijisikia vizuri ni zawadi. Marupurupu ni kile ambacho mfanyakazi anaweza kukiweka kwenye hesabu zake za mwezi ujao bila wasiwasi. Kwa kipimo hicho, bosi bora si yule mwenye mkono mkubwa Desemba. Ni yule ambaye ahadi yake inajulikana, imeandikwa na inafika kwa tarehe.

HASARA YA SIKU KUMI

Ngoja ngoja yaumiza matumbo, na katika suala la mshahara maumivu hayo yanahesabika. Chukua mfano wa kiwanda kidogo chenye wafanyakazi 40, kila mmoja akilipwa Sh. 300,000 kwa mwezi. Mshahara uliotarajiwa tarehe 30 unatoka tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Katika siku hizo 10 mfanyakazi anakopa Sh. 50,000 mtaani kwa riba ya asilimia 20, ambayo kwa wakopeshaji wa aina hiyo si kubwa. Atarudisha Sh. 60,000. Sh. 10,000 zimekwenda bure.

Kwa watu 40 hasara ni Sh. 400,000 kwa mwezi, au Sh. 4,800,000 kwa mwaka ikiwa ucheleweshaji ndio desturi. Bosi hakuziona fedha hizo na wala hakuzitia mfukoni mwake. Zimechukuliwa na mkopeshaji, lakini aliyeufungua mlango ni ofisi ya mhasibu. Hakuna pilau ya mwisho wa mwaka inayoweza kufidia pengo hilo, hata ikiwa na mbuzi watatu.

Kwa hiyo rupurupu la kwanza la bosi bora halihitaji bajeti mpya: ni tarehe ya mshahara isiyoyumba, pamoja na hati ya mshahara inayoonyesha kila makato. Na mwezi ambao mteja mkubwa amechelewa kulipa na fedha hazipo, bosi bora hawaachi watu wasikie fununu getini. Huwaita kabla ya tarehe, akawaeleza hali ilivyo na siku watakayolipwa.

KUTIMIZA SHERIA SI FADHILA

Kuna waajiri wanaohesabu haki za kisheria kama ukarimu wao. Utasikia ikisemwa kwamba kampuni fulani ni nzuri kwa sababu inatoa likizo ya mwaka yenye malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ndiyo iliyoweka siku 28 za likizo ya mwaka, na siku 84 za likizo ya uzazi kwa mama, zinazofika 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sheria hiyo hiyo inampa mama anayenyonyesha nafasi ya hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu mshahara.

Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki. Zikizidi, ovataimu hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Mwajiri anayetimiza hayo anastahili heshima ya mtu anayelipa deni lake kwa wakati. Lakini asijitangaze kuwa mfadhili. Sheria ni sakafu, na bosi bora huanza kujenga kutoka hapo kwenda juu.

Michango ya hifadhi ya jamii ni mfano mzuri. Katika NSSF, iliyochukua nafasi ya NPF kwa sheria ya mwaka 1997, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu hutoka kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi. Kinachokatwa kwa mfanyakazi hakitakiwi kuzidi asilimia 10, ila mwajiri haruhusiwi tu kubeba nusu yake. Anaweza kubeba zaidi. Bosi anayechukua asilimia 15 na kumwachia mfanyakazi 5, katika mfano wetu amemwongezea kila mmoja Sh. 15,000 mkononi kila mwezi. Kinyume chake yuko yule anayekata asilimia 10 kwenye hati ya mshahara na asiipeleke kwenye mfuko. Huyo hakuchelewesha fedha zake mwenyewe. Ameshika fedha za mtu mwingine. Mfanyakazi huligundua hilo siku anapofuatilia mafao, wakati ambapo bosi huenda amekwishafunga duka.

Yako pia mambo ya kuiga kwa jirani. Sheria ya 2004 ilimpa baba mwenye mtoto mchanga siku 3 za likizo. Kenya, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliweka wiki 2. Hakuna kinachomzuia mwajiri wa Tanzania kutoa wiki hizo 2 kwa hiari yake na kuziandika kwenye mkataba.

SAHANI YA MCHANA

Baada ya tarehe na haki za kisheria, ndipo yanapokuja marupurupu yenyewe: chakula, nauli, matibabu na mkopo wa dharura. Waajiri wengi huogopa chakula kwa sababu gharama yake huonekana kila siku. Hesabu yake inastahili kutazamwa bila woga.

Kiwanda kile kile cha watu 40 kikichukua sahani ya Sh. 2,500 kwa mama lishe, kwa siku 26 za kazi gharama ni Sh. 2,600,000 kwa mwezi. Ni fedha nyingi. Lakini mfanyakazi akichangia Sh. 1,000 na mwajiri Sh. 1,500, mzigo wa mwajiri unashuka hadi Sh. 1,560,000. Sasa tazama upande wa pili. Ikiwa kila mtu hupoteza nusu saa kwa kutoka kutafuta chakula mbali na kurudi amechelewa, kiwanda kinapoteza saa 520 kwa mwezi. Kwa mshahara wa Sh. 300,000 kwa saa 195, saa hizo zina thamani ya Sh. 800,000. Gharama halisi inabaki Sh. 760,000, yaani Sh. 19,000 kwa kila mfanyakazi. Si bure, na asiwepo wa kudanganya kwamba chakula hujilipa chenyewe. Lakini si mlima kama unavyoonekana kwa mbali, na bado haijahesabiwa kazi inayoharibika saa 9 alasiri mikononi mwa mtu mwenye njaa.

Serikali nayo imeweka kivutio ambacho wahasibu wengi hawakisemi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiingizi kwenye mapato yanayotozwa kodi ya mfanyakazi huduma ya kantini inayotolewa eneo la kazi bila ubaguzi. Kadhalika matibabu au bima ya matibabu kwa mfanyakazi, mwenzi wake na hadi watoto wanne, mradi tu nayo itolewe bila ubaguzi. Kantini ya mameneja peke yao, au bima ya ghorofa ya juu tu, haipati nafuu hiyo. Sheria ya kodi imekwishasema kile ambacho wafanyakazi husema chini kwa chini: rupurupu la wachache huleta kinyongo kwa wengi.

FUNZO LA DETROIT

Anayedhani haya ni maneno ya vyama vya wafanyakazi atazame kisa cha bepari halisi. Mwaka 1913 kiwanda cha Ford huko Detroit, Marekani, kilikuwa na wafanyakazi wapatao 14,000, lakini ili kuibakiza idadi hiyo kililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 katika mwaka mmoja. Watu waliingia asubuhi, wakaionja kazi ya mstari wa kuunganisha magari, wakaondoka. Kila aliyeondoka aliacha gharama ya kumfundisha mwingine.

Januari 1914 Henry Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya yaliyokuwapo, na kupunguza saa za kazi kutoka 9 hadi 8. Wimbi la watu kuacha kazi lilituliwa. Baadaye Ford mwenyewe aliandika kwamba ule ulikuwa miongoni mwa uamuzi wake bora kabisa wa kupunguza gharama. Hakusema sadaka, alisema gharama.

Lakini kisa hicho kina upande wa pili, nao usifichwe. Sehemu kubwa ya dola 5 iliitwa mgawo wa faida, na ili kuupata mfanyakazi alipaswa kuishi kwa namna iliyompendeza Ford. Kampuni ilikuwa na idara ya wakaguzi waliokwenda majumbani kutazama usafi, unywaji wa pombe na matumizi ya fedha. Rupurupu lenye masharti ya namna hiyo humfanya mtu mzima aishi kama mtoto wa bweni. Bosi bora akishatoa, haendi kuchungulia sufuria.

HESHIMA HAINA RISITI

Na hapa Tanzania hilo linafahamika. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, uliwakataza viongozi kiburi, dharau na uonevu. Miaka iliyofuata wafanyakazi katika viwanda mbalimbali waliweka zana chini, na si kila mara walidai shilingi. Mara nyingi walidai meneja aache matusi. Mashirika mengi ya enzi ile yamekwishabinafsishwa au kufungwa, lakini lugha ya baadhi ya mabosi haijabinafsishwa. Bado ni ile ile.

Utaratibu wa malalamiko unaofahamika, onyo la maandishi badala ya kufokewa mbele ya wateja, na ruhusa ya msiba isiyoombwa kwa magoti: hayo hayana risitina wala hayaingii kwenye mizania. Lakini hayo ndiyo mfanyakazi huyasimulia akiulizwa kwa nini yuko mahali pamoja kwa miaka 12.

Waajiri wana hoja zao, na zina uzito. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, bado iko juu ya mishahara ya wenye wafanyakazi 10 na zaidi. Wateja hulipa kwa kusuasua, na mkopo wa benki una riba yake. Mwenye duka la watu 5 hawezi kufungua kantini. Hata hivyo, mambo manne hayamshindi hata huyo: tarehe, hati ya mshahara, michango inayofika na lugha ya staha. Chakula, bima na mkopo wa dharura vitafuata mauzo yakiruhusu, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikiandikwa.

Bosi asiye na uhakika yuko upande gani ana njia rahisi ya kujua. Aahirishe pilau ya Desemba mwaka mmoja, fedha zake aziweke zisaidie mshahara wa Desemba utoke kabla ya sikukuu. Januari ikifika, ahesabu ni wangapi wamekuja dirishani kwa mhasibu kuomba advansi. Ahadi ni deni, na pilau haijawahi kulipa deni la mtu.