Kubaki na Toleo la Zamani Si Kuua Mchezo

Mwandishi aliyedai kwamba wachezaji wa Dungeons & Dragons wasiohamia vitabu vipya vya sheria vya 2024 wanauua mchezo wao amekosea, tena sana. Mchezo huu huchezwa kwa karatasi, penseli na dadu ya pande ishirini. Sheria za zamani, za 2014, haziozi eti kwa sababu kampuni inayoutoa mchezo imechapa nyingine.

Historia yenyewe inamsuta. Toleo la nne lilipotoka 2008, wachezaji wengi waligoma kuhama. Mwaka uliofuata kampuni ya Paizo ikatoa mchezo wa Pathfinder, uliojengwa juu ya sheria za toleo lililotangulia, la 3.5, na hadi leo unachezwa. Nani aliua nini hapo?

Mapya yana mazuri yake, sikatai. Chukua kanuni ya uchovu wa mhusika: zamani kila ngazi ilikuwa na adhabu yake, mpaka ufungue kitabu, sasa kila ngazi inakata 2 kwenye matokeo ya dadu ya pande ishirini na kupunguza mwendo. Nimeipenda kanuni hiyo, na kundi lolote laweza kuiazima likabaki na vitabu vyake.

Wachezaji walio katikati ya kisa kirefu hawadaiwi na mtu. Kabla hamjatoa pesa za vitabu vipya, kaeni kundi zima mkubaliane.